Mboga Kati ya Maua

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala homa. Leo nataka tutoke nje pamoja, tutazame pale mbele ya nyumba ulipopanda maua.

Kina mama wa Kenya tunapenda maua. Hata kwenye ploti ya chumba kimoja utakuta waridi ndani ya mkebe wa rangi, na bogenvilia imeparamia ua. Maua hayo humwagiliwa maji hata wakati wa kiangazi. Lakini ukija kliniki na mtoto wa miezi tisa, viganja vimepauka, hana nguvu ya kucheza, nami nikikuuliza jana alikula mboga gani, jibu ni lile lile: "Sista, mboga zimepanda bei." Ni kweli zimepanda. Sasa swali langu ni hili: hapo kwenye maua, pamejaa kabisa?

Wengine wataniambia mwenye ploti hataki shamba mbele ya nyumba zake. Ninamwelewa, kwa sababu mahindi hufunga njia na kuziba madirisha. Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka wa 2015, lakini kama ardhi si yako bado unahitaji ruhusa ya mwenyewe. Muombe upande mboga ndani ya maua, kwa mstari, pawe nadhifu. Akiona panapendeza hatakuwa na neno.

Na mboga zinapendeza, mama. Terere lenye majani mekundu linashinda maua mengi ya dukani. Saga hutoa ua jeupe lenye nyuzi ndefu, na yapo maua ya kununuliwa ambayo ni ndugu zake wa karibu. Kunde ina ua la zambarau. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa hutambaa na kufunika udongo mahali ambapo ungepanda nyasi, halafu chini unachimba chakula chenye vitamini A. Pilipili hoho na nyanya zikiiva hupamba zenyewe. (Nyanya ninayosema ni ile ya kukatia kwenye kitunguu, si mama mkwe.) Rosimeri unaweza kuipunguza ikawa ua mfupi kando ya njia. Dania, rehani na mnanaa zinaingia kwenye nafasi ndogo kati ya waridi, lakini mnanaa uweke ndani ya mkebe, kwa sababu ukiachiwa udongo utameza bustani yote.

Anza na terere. Lapendwa na watoto, na baada ya wiki tatu au nne tangu kupanda mbegu unaanza kuchuma. Managu na saga hufuata. Sukuma wiki inataka nafasi zaidi, kama sentimita 45 kati ya mche na mche, kwa hiyo ipande nyuma, maua mafupi yakae mbele. Weka samadi iliyooza vizuri, isiwe mbichi. Usipande mboga chini ya ukuta wenye rangi kuukuu inayobambuka, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa kumwagilia. Maji ya choo, ya nepi au yenye dawa ya kung'arisha nguo hayafai.

Sasa sogea karibu na redio, maana hapa ndipo penye hatari.

Ukipanda chakula ndani ya maua, unamfundisha mtoto kwamba hapo pana vitu vya kula. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya jani la terere na jani la ua. Kwa hiyo kabla hujaweka mbegu hata moja, kagua maua uliyonayo. Oleanda, ule mti wenye majani marefu membamba na maua meupe au ya pinki, una sumu kila sehemu yake, na sumu hiyo hushika moyo. Mbarika huzaa mbegu zenye madoadoa ambazo watoto huzipenda kwa kuchezea, nazo zikitafunwa zinaweza kuua. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huchoma vibaya sana. Halafu kuna mnanaha, wenye ua jeupe kama tarumbeta na tunda la miiba, ambao huota wenyewe bila kupandwa. Mche wake mchanga ukiota katikati ya managu unaweza kuuchuma bila kujua. Ukifikicha jani lake lina harufu mbaya. Mmea usioujua usiutie kwenye sufuria, hata kama jirani anasema ni mboga.

Oleanda na mbarika ving'oe. Usivichome karibu na nyumba, na usitumie vijiti vyake kuchomea nyama.

Mtoto akila mmea wa sumu, toa mabaki mdomoni, usimtapishe, usimpe mafuta wala maziwa ukidhani yataua sumu. Kimbia naye hospitali, na ubebe kipande cha mmea huo ili mhudumu aujue. Aliyekula mnanaha hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa moto, naye huweweseka. Watu wengine husema amerogwa, na muda unapotea. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kliniki.

Hatari ya pili ni dawa ya kupulizia. Waridi hushambuliwa na wadudu, na agroveti watakuuzia dawa ya maua. Dawa nyingine huingia ndani ya mmea wenyewe, na kuosha majani hakuitoi. Ukipulizia waridi, upepo unaipeleka kwenye dania iliyo hatua moja tu. Msimamo wangu ni mmoja: ukishaweka mboga ndani ya maua, dawa ya maua iishe hapo. Vidukari vinaondoka kwa maji yenye sabuni kidogo, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukipulizia chini ya majani jioni. Kama tayari ulitumia dawa, soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama dawa hiyo haikuandikwa kuwa ni ya mboga, usile kitu kilichokuwa hapo. Na chupa tupu isiwe ya kuwekea maji wala mafuta.

Tuingie jikoni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti mboga zetu za kienyeji kwa miaka mingi, na leo tunajua kwamba terere, managu na saga si chakula cha maskini. Zina madini ya chuma, vitamini A na foleti. Osha mboga kabla ya kuikata, usiipike mpaka ikawa nyeusi, na weka mafuta kidogo ili mwili uchukue vitamini A. Nyanya au limau husaidia mwili kuchukua chuma. Chai huzuia, kwa hiyo chai isiletwe pamoja na chakula. Mtoto aliyetimiza miezi sita mpondee mboga laini pamoja na maharagwe, yai au omena iliyosagwa, kwa sababu majani peke yake hayatoshi damu ya mtoto. Matunda mabichi ya managu, yale ya kijani, asiyale.

Mtoto ambaye hajafika miezi sita ni maziwa ya mama tu. Usimchemshie mnanaa kwa ajili ya tumbo. Nawe mama mjamzito, kula mboga zako, lakini vidonge vya chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki usiviache. Na kama viganja vya mtoto vimepauka sasa hivi, usingoje terere liote. Mlete apimwe damu.

Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kila akitoka bustanini, maana samadi na udongo vina minyoo. Habari za minyoo, na dawa yake ambayo mtoto huanza kupewa akitimiza mwaka mmoja, tutazizungumza wiki ijayo saa hii hii. Kwaheri kwa sasa.