Mafuta Yaliyochoka Yasirudi Kwenye Karai

Leo tuzungumze juu ya mafuta ya kupikia.

Asubuhi umechoma mandazi. Mafuta yaliyobaki umeyaacha kwenye karai. Jioni umekaangia viazi, kesho yake samaki. Sasa yamekuwa meusi, yanatoa povu na moshi, lakini waona uchungu kuyamwaga kwa sababu mafuta ni ghali. Je, ndani ya karai hilo kumetokea nini?

Mafuta ya mimea, kama ya alizeti, soya na mawese, yana viini viitwavyo steroli. Zikiwa nzima, steroli hutufaa, kwani huzuia sehemu ya kolesteroli ya chakula isiingie kwenye damu. Lakini zikikaa kwenye moto mkali na hewa, hushikana na oksijeni na kugeuka. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba baadhi ya steroli zilizogeuka hudhuru chembe hai za mwili. Mafuta yenyewe nayo huchacha.

Hata kiwandani moto hufanya kazi yake. Ili kuondoa harufu, mafuta hupitishiwa mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Mvuke huo huondoka na asidi, vitamini E na sehemu ya steroli. Masalio hayo hukusanywa kando, na mengine hutengenezewa sabuni. Hayarudishwi kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Nawe mama, yaliyochoka usiyarudishe kwenye karai.

Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A, inayolinda macho ya mtoto wako. Mwanga na moto wa kurudiarudia huipunguza.

Basi fanya hivi:

Tia mafuta kidogo, yatakayokwisha. Punguza moto kabla hayajatoa moshi. Yakibaki, yachuje, yafunike na uyaweke gizani. Usiyachanganye na mapya. Ukinunua ya kupima, yanuse kwanza. Yakiwa meusi, mazito au yenye povu, yatupe. Na siku nyingine, mchemshie mtoto viazi vitamu au nduma badala ya kukaanga.

Mama, kukaanga mara chache kwa mafuta mazuri ni nafuu kuliko kukaanga kila siku kwa mafuta yaliyochoka.

Hadi kipindi kijacho, kwaheri.