BETRI ZA ZANA ZETU ZISITUCHOMEE GHALA

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa mashambani.)



Tunalo jambo moja tu leo, nalo ni betri. Najua wapo watakaonong'ona, "Katibu naye! Watu wanangoja bei ya pamba, yeye analeta habari za betri." Sawa. Lakini hiyo pamba iko wapi? Iko ghalani. Na chaja ya drili iko wapi? Iko ghala hilo hilo, hatua tatu kutoka kwenye magunia. Jasho letu la msimu mzima limelala pamoja na kitu kinachoweza kuwaka chenyewe. Ndiyo maana tunasema.

Ndugu, tuanze na kuelewa kitu chenyewe. Betri ya drili yetu, na ya msumeno wetu, si jiwe moja. Ni kifurushi. Ndani yake zimo seli kama mawe ya tochi, aghalabu kila moja ina unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila seli ina volti 3.6. Betri yetu ni ya volti 18. Sisi tuliopita kwenye kisomo tupige hesabu: 3.6 mara 5 ni 18. Kwa hiyo seli zimepangwa tano kwa mstari. Betri kubwa zina mistari miwili, yaani seli kumi.

Seli hizi ni za lithiamu. Ziliingia sokoni mwaka 1991 kutoka Japani, na mwaka 2019 wataalamu watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi ya kuzibuni. Ni kitu kizuri. Seli ndogo inabeba nguvu nyingi, ndiyo maana fundi seremala wetu anatoboa mbao juu ya kenchi bila kuburuta waya. Hatuzikatai. Tunataka tuishi nazo kwa akili, kama tunavyoishi na moto wa jikoni.

Sasa hatari iko wapi? Ndani ya seli kuna pande mbili, na katikati umetandazwa utando mwembamba wa plastiki, mwembamba kuliko unywele. Vyote vimelowa maji ya kemikali, na maji hayo huwaka kama petroli. Utando ukitoboka au ukiyeyuka, pande mbili hugusana, shoti inapigwa humo humo ndani. Joto hupanda, joto lenyewe huzaa joto jingine, na hapo hakuna swichi ya kulizima. Seli hupasuka, hutema moto na moshi wa sumu, kisha humpasha jirani yake, naye hufuata. Tano zinaweza kwenda moja baada ya nyingine.

Msidhani ni mambo ya bidhaa duni peke yake. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Dell ya Marekani ilitangaza kurudisha betri milioni 4.1 za kompyuta za mkononi. Seli zilikuwa za Sony, kampuni kubwa. Kosa lilikuwa punje ndogo mno za chuma zilizoingia wakati wa kutengeneza. Haya, kama punje isiyoonekana kwa macho inaleta moto, je, betri iliyofunguliwa chini ya mwembe na kuungwa kwa risasi ya redio?

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Betri yetu moja imechoka, na limeletwa pendekezo kwamba tuifungue, tutie seli zilizotolewa kwenye kompyuta mbovu. Ati ni rahisi. Tumelipima, nasi tunalipinga kwa sababu tatu.

Kwanza, seli za kompyuta zilitengenezwa kutoa umeme polepole. Drili ikikwama kwenye mninga huvuta amperi zaidi ya 20 kwa mkupuo. Seli isiyo ya kazi hiyo hupata moto kama chungu.

Pili, seli tano lazima ziwe sawa, kama ng'ombe wa kukokota plau. Mmoja akiwa dhaifu, wenzake watamburuta. Seli dhaifu huisha kwanza, nyingine zinaendelea kuilazimisha, nayo huharibika ndani bila dalili nje.

Tatu, mnanunua bila kujua. Huko madukani zipo seli za ukubwa huu zilizoandikwa 9,900. Ndugu, huo ni uongo wa mchana. Seli ya kweli ya milimita 18 kwa 65 haifiki hata nusu ya hapo. Aliyedanganya katika maandishi atakuwa mkweli katika utando?

Lipo na jambo la sola. Seli ya lithiamu ikijaa ni volti 4.2, basi. Mara 5 ni 21. Chaja yake halali inajua kusimama hapo. Sasa kijana anaona paneli inayoitwa ya volti 12, anaunganisha nyaya moja kwa moja kwenye betri, anaona inaingia, anafurahi. Paneli hiyo juani, ikiwa haijafungiwa kitu, hutoa volti kama 22. Gawanya kwa 5: ni 4.4. Umeshapita mpaka, na paneli haijui kusimama. Chuma cha lithiamu huanza kujijenga ndani kama kutu, mpaka kifike kwenye utando. Leo haitawaka, kesho haitawaka, siku ya tatu utaulizwa.

Kadhalika ile tabia ya "kuistua" betri. Imekaa miezi, chaja inaikataa, mtu anaipa umeme kutoka betri nyingine ili izinduke. Chaja haijakosea, bwana! Seli ikishuka mno, shaba iliyomo ndani huyeyuka na kuhama. Ukija kuichaji, shaba hiyo inaweza kujenga daraja la shoti. Betri iliyokataliwa na chaja imekufa. Maiti haistuliwi.

Wapo watakaosema betri mpya ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Lakini ghala lina pamba ya kaya zote zilizomo humu, wakubwa kwa wadogo, na mjane mwenye gunia mbili hana pengine pa kuomba. Hatuwezi kuweka akiba ya betri moja mizani na mali ya kijiji kizima. Rahisi inagharimu.

Kwa hiyo Kamati inaleta haya kwenu, na mkutano umeyapitisha:

1. Chaja itolewe ghalani tangu leo. Kuchaji ni kwenye kibanda cha nje, juu ya saruji, kivulini, mbali na magunia, mafuta na randa za mbao.

2. Kuchaji ni mchana, mtu akiwepo. Usiku hapana. Betri iliyotoka kazini ina moto, ipoe kwanza.

3. Chaja ni ile ya betri yenyewe. Chaja ya drili ya zamani ya kadmiamu isiguse lithiamu.

4. Betri isiwekwe mfuko mmoja na misumari wala sarafu. Isiachwe juani wala juu ya bati.

5. Betri iliyoanguka vibaya, iliyolowa, inayonuka kama rangi, au inayopata joto imekaa tu, ipelekwe nje kwenye udongo mtupu na mwangalizi wa zana aambiwe. Isitupwe chooni wala motoni, watoto wasiipate.

6. Ikiwaka: watu kwanza! Toka, usivute moshi. Kama chaja iko kwenye umeme, zima umeme. Mwaga maji mengi ukiwa mbali, maana maji hupoza. Mchanga huzuia cheche lakini haupozi. Ikizimika msiirudishe ndani, kwani huweza kuwaka tena baada ya saa nyingi.

Ndugu, aliyesoma amsomee asiyesoma, na vijana wanaotumia zana hizi wasome mara mbili. Fedha ya betri mpya itazungumzwa mkutano ujao. Kila mmoja aje na wazo lake. Mpaka hapo msumeno wa mkono upo, na mikono tunayo.



Katibu wa Chama