BIMA YA BAHARI NA HASARA ISIYOLIPWA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Sisi watu wa visiwa, tulacho na tuvaacho aghlabu hupita baharini. Mfanya biashara akishailipia bima shehena yake hulala usingizi, akidhani kila hasara itarudishwa. Dhana hiyo si sahihi, na wengi huitambua mali ikiwa imekwisha kuharibika.

Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo Kenya iliifuata ilipotunga yake mwaka 1968, yasema katika kifungu cha 55 kwamba hasara hulipwa ikiwa sababu yake ya karibu ni hatari iliyokatiwa bima. Kisha yayataja yasiyolipwa: kuchelewa kwa chombo, kuchakaa, kuvuja na kuvunjika kwa kawaida, ila iliyomo katika bidhaa yenyewe, na uharibifu wa panya na wadudu.

Natutazame mfano. Mwaka 1890 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Pink na Fleming. Shehena ya machungwa na malimau ilikatiwa bima ya hasara itokanayo na vyombo kugongana. Meli ikagongana na nyingine, ikaingia bandarini kutengenezwa. Matunda yakateremshwa, yakapakiwa tena, yakafika yameharibika. Mwenye mali hakulipwa. Majaji waliona kuwa sababu ya karibu ni kuchelewa na kule kupakuliwa na kupakiwa, wala si kugongana.

Je, hapana njia? Ipo. Hayo yote niliyoyataja hayalipwi ila kama hati ya bima imeeleza vingine. Maana yake, mtu aweza kuyadai yaandikwe, akayalipia. Jambo moja tu halina mlango: hasara aliyoileta mwenye bima mwenyewe kwa kusudi. Azamishaye chombo chake hana dai. Lakini uzembe wa nahodha au mabaharia haumnyimi mtu haki yake, madhali sababu ya karibu ni hatari aliyoikatia bima.

Basi, ndugu zangu, hati na isomwe kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mwenye matunda aulize habari ya kuchelewa. Mwenye mchele aulize habari ya panya. Na jibu alitake kwa maandishi, kwani neno la mdomo halisimami mbele ya hakimu. Wazee walisema: tahadhari kabla ya hatari.