Daftari Kabla ya Mkopo

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuanzisha biashara, kuipatia fedha na kuikuza. Mimi si mfanyabiashara. Ni mtumishi wa halmashauri, na kazi yangu ni kupokea maombi ya leseni na ya mikopo. Nitasema basi yale yanayopita mezani kwangu. Nayasema leo kwa sababu mbele yetu kuna pendekezo la kuchanga fedha ili tuwagawie mitaji vijana wanaomaliza Kidato cha Sita. Nia ni njema, lakini nina hoja juu yake.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi, pamoja na watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu, kuwa na hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar. Kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa na watumishi hatukukuta nyumbani mtu wa kutufundisha hesabu ya duka. Tulifundishwa kutafuta kazi. Leo kazi hizo hazitoshi, na tunawaambia vijana "jiajirini" kana kwamba neno hilo peke yake ni mtaji.

Sasa tuchukue mfano mmoja: kukamua mafuta ya alizeti, kazi inayofanywa sana Singida na Dodoma. Kijana anakuja ofisini anataka mkopo wa mashine. Mimi humwuliza: mbegu utanunua kwa fedha gani? Alizeti huvunwa kwa msimu, nayo mafuta huliwa mwaka mzima. Asiyenunua mbegu wakati wa mavuno, miezi michache baadaye mashine yake itakaa bure au atanunua kwa bei ya juu.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme gunia moja limemgharimu shilingi 60,000 pamoja na usafiri. Ametoa lita 15 akauza kwa shilingi 5,000 kila moja, akapata 75,000. Mashudu ameuza kwa wafugaji shilingi 15,000. Jumla 90,000. Mwenye haraka atasema faida ni 30,000. Lakini toa umeme, vibarua na madumu, tuseme 16,000, zinabaki 14,000.

Akitaka kukamua magunia 20 kila mwezi kwa miezi 10, lazima wakati wa mavuno awe na magunia 200, yaani shilingi 12,000,000, mbali na bei ya mashine. Mwisho wa mwaka ziada yake ni 2,800,000. Kama zile milioni 12 alizikopa, na riba ya mwaka ikawa 1,800,000, kinachobaki ni shilingi 1,000,000. Hapo hajala, hajalipa ada ya mtoto, na mashine haijaharibika. Msimu ujao ukifika, mtaji umekwisha rudi kwa mkopeshaji, naye anaanza upya kuomba.

Hesabu hii haisemi kwamba biashara ya alizeti ni mbaya. Inasema mambo mawili. La kwanza, usianze na mashine. Nunua magunia machache kwa akiba yako, ukamulie kwa mwenye mashine kwa malipo, uuze, ujue wanunuzi wako. Marehemu Reginald Mengi, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na viwanda na vyombo vya habari, alikuwa mhasibu, naye alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. La pili, biashara hukua kwa ile sehemu ya faida ambayo mwenyewe hakuila. Ukibakiza 600,000, mwakani magunia 10 ni yako, hayana riba.

Kuhusu fedha, ngazi zipo. Ya kwanza ni akiba yako. Kisha vikoba na SACCOS, ambako wanachama wanakufahamu. Kisha ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo tu huvunjika siku ya marejesho. Benki nawashauri iwe ya mwisho, maana hutaka dhamana. Nawasihi, wadogo zangu: msipeleke hati ya nyumba ya wazazi kwa biashara ambayo haijatimiza hata msimu mmoja. Biashara ikianguka, kijana anaweza kuanza tena. Mama wa miaka 65 hataweza kujenga tena.

Aidha, msiogope maandishi. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipa kodi hutolewa na TRA, na leseni ya biashara ndogo hutolewa na halmashauri. Mwenye mafuta atahitaji pia alama ya ubora ya TBS, na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, huwasaidia wenye viwanda vidogo katika hatua hizo. Nalo daftari liwe la kila siku: kilichoingia, kilichotoka, na nani amechukua kwa mali kauli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndugu Mwenyekiti, hoja yangu ni hii. Tusigawe mitaji. Fedha ya kupewa haina wa kuidai, na kwa hiyo haina wa kuihesabu. Badala yake, kila mwenzetu mwenye duka, karakana au shamba ampokee kijana mmoja kwa miezi sita, amfundishe kununua, kuuza na kuandika. Na sisi tuwe wateja. Jiko la shule hii hutumia mafuta, unga na maharage kila siku. Siku kijana aliyesoma hapa atakapoleta mafuta yenye alama ya ubora kwa bei ya soko, tumwombe Mkuu wa Shule amfikirie katika zabuni kama wengine. Mteja wa kudumu humsaidia mwenye biashara kuliko hundi ya siku moja.

Maswali nitayapokea, hasa kutoka kwa wanafunzi.