Ulimi, Mapigo na Jeni

Tabibu wa jadi wa Kichina humtazama mgonjwa ulimi, humshika mkono kusikiliza mapigo, humuuliza kuhusu chakula na usingizi, kisha hutaja hali ya mwili: wengu dhaifu, au tumbo lenye baridi. Hivyo wawili wenye saratani ileile ya tumbo huweza kupewa dawa tofauti.

Sasa watafiti wa China wanauliza: je, tofauti hizo zimo pia katika jeni? Swali hilo ni la haki. Mwaka 1998 hitilafu katika jeni ya CDH1 ilibainika kwenye ukoo wa Wamaori, New Zealand, uliokuwa ukipoteza hata vijana wake kwa saratani hiyo.

Lakini matabibu wawili huweza kuusoma ulimi mmoja kwa namna mbili, na hapo ulinganisho na jeni huyumba. Kuhusu kuzuia saratani hiyo, ushahidi ulio imara zaidi unatoka Linqu, mkoani Shandong, China. Huko, dawa za wiki mbili dhidi ya bakteria Helicobacter pylori, zilizotolewa mwaka 1995, zilipunguza saratani ya tumbo kwa takriban nusu katika miaka 22 ya ufuatiliaji.

Mtu hachagui jeni zake. Maambukizi ya bakteria huyo hutibika. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokoma, au ndugu wa damu aliyeugua saratani hiyo, aende hospitali apimwe.