MAZUNGUMZO: UFUNGAJI SALAMA WA UMEME WA JUA KATIKA NYUMBA NDOGO



Baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi, kutokana na hitilafu katika njia iletayo umeme kutoka Tanzania Bara. Tukio hilo lilitoa funzo kwamba haifai nyumba kutegemea njia moja tu ya mwangaza. Kwa wakaazi wa sehemu zisizofikiwa na nguzo, paneli ya jua na betri ndiyo taa ya mwanafunzi na redio ya familia. Kwa hivyo ufungaji wake unastahili kufanywa kwa uangalifu.

Betri ya volti 12 hudharauliwa kwa sababu haimrushi mtu aigusapo. Dharau hiyo ina hatari kubwa. Waya wa chanya ukigusana na wa hasi, betri hutoa mamia ya ampia kwa mara moja; waya huwa mwekundu katika muda wa sekunde chache, na makuti au godoro lililo karibu hushika moto. Kinga yake ni fyuzi. Fyuzi hiyo hufungwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, isizidi urefu wa shibiri moja. Ikiwekwa mbali, kipande cha waya kilicho baina yake na betri hubaki bila ya ulinzi. Ni kosa kubwa kuibadilisha fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya.

Kabla ya kununua chochote, mwenye nyumba afanye hesabu. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 hutumia wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa 4 hutumia 40. Simu mbili zikikadiriwa 20, jumla ni wati-saa 160 kwa siku. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampia-saa 13 na kidogo. Akiba ya siku mbili za mawingu ni ampia-saa 27. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, hivyo inahitajika isiyopungua ampia-saa 54. Ya 70 itatosheleza. Paneli ya wati 80, pamoja na kidhibiti chaji cha ampia 10, itaweza kuijaza hata wakati wa masika. Betri ya gari haifai kwa kazi hii, kwani imeundwa kuwasha injini, si kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Betri ya lithiamu huweza kutumiwa zaidi ya nusu, lakini lazima kidhibiti kiwe cha aina inayokubaliana nayo.

Jambo la pili ni unene wa waya. Vifaa vya wati 40 katika volti 230 huvuta chini ya ampia 0.2, katika volti 12 huvuta ampia 3.3. Waya wa milimita 1.5 za mraba, ukienda masafa ya mita 10, hupoteza volti 0.8 njiani, na taa hufifia. Wa milimita 4 hupoteza volti 0.3 tu. Aghalabu betri hulaumiwa kwa kosa la waya.

Utaratibu wa kuunganisha ni huu:

1. Mfungaji avue pete na bangili, na vipini vya spana vizungushiwe tepu.
2. Betri iunganishwe kwanza na kidhibiti, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi.
3. Paneli ifuate, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa.
4. Taa na vifaa viunganishwe mwisho.

Wakati wa kufungua, utaratibu hugeuzwa: vifaa, paneli, kisha betri. Paneli ikiunganishwa kabla ya betri, kidhibiti huweza kuharibika.

Betri ya risasi hutoa gesi inayowaka inapojazwa. Isiwekwe chumba cha kulala wala karibu na jiko au koroboi. Ikae penye kupita hewa, mbali na watoto. Iongezwe maji ya betri tu, si ya kisima. Kwa kuwa upepo wa bahari una chumvi, vichwa vya betri visafishwe na kupakwa grisi. Paneli ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo, ili mvua iioshe.

Ndugu Wananchi, bei ya fyuzi ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya nyumba. Masheha wanaombwa kulifikisha jambo hili katika shehia zao, na kila mwenye betri nyumbani aiangalie leo hii: ikiwa haina fyuzi, aifungue hadi itakapowekwa.