Somo la Hesabu: Pembetatu Mbili Zilizo Sawa

Kila mmoja awe na daftari, kalamu na vijiti vichache.

Fundi amekuletea kenchi sita za paa. Kenchi ni pembetatu ya mbao. Zikipishana, bati halitalala vizuri, na masika yakija utalala ukikinga maji kwa sufuria. Kenchi ni nzito. Si rahisi kuzilaza moja juu ya nyingine. Basi, utajuaje kuwa zote ni sawa kabla ya kumlipa fundi?

Pembetatu ina pande tatu na pembe tatu. Hayo ni mambo sita. Lakini huna haja ya kuyapima yote. Matatu yatosha, ukiyachagua vizuri.

Kanuni ya kwanza: pima pande tatu. Tuseme ubao wa chini ni futi 16, na kila ubao wa mteremko ni futi 10. Kenchi zote zikiwa na vipimo hivyo, ni sawa. Pembe usizipime. Funga vijiti vitatu ujionee: umbo halibadiliki. Funga vinne, utaona vinalala upande. Ndiyo sababu paa hujengwa kwa pembetatu.

Kanuni ya pili: pima pande mbili na pembe iliyo katikati yao. Mbao mbili za futi 10 zikikutana kileleni kwa pembe ile ile, nafasi ya chini haiwezi kuwa tofauti. Lakini angalia: pembe iwe ile ya katikati, si nyingine.

Kanuni ya tatu: pima upande mmoja na pembe mbili za ncha zake. Ubao wa chini ukiwa futi 16, na miteremko yote miwili ikianza kwa pembe zile zile, mbao za juu zitakutana mahali pamoja tu.

Sasa jihadhari. Pembe tatu peke yake hazitoshi. Kenchi ya futi 8, 5 na 5 ina pembe sawa na ile ya futi 16, 10 na 10, lakini yafaa banda la kuku. Zinafanana, ila si sawa.

Kanuni hizi ni za zamani. Euclid, mwalimu wa Alexandria nchini Misri, aliziandika zote tatu kwa Kigiriki yapata miaka 300 kabla ya Kristo.

Maswali:
1. Kenchi moja ina pande za futi 16, 10 na 10. Ya pili ina futi 15, 10 na 10. Je, ni sawa? Kilele cha ipi kiko juu zaidi?
2. Fundi asema, "Pembe zote tatu nimezilinganisha." Utamwomba apime nini tena?

Jadilianeni darasani, kisha mchore majibu yenu.